Churchill kwenye santuri za Decca: ufasaha umo, vijembe vimebaki bungeni

Sanduku ni zito: santuri 12, pande 24, zilizotolewa na kampuni ya santuri ya Decca mwaka 1964, miezi michache kabla ya Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kufariki tarehe 24 Januari 1965. Mna hotuba zake za tangu 1918 hadi 1945, na vipande vya kumbukumbu zake za vita akivisoma kwa mdomo wake mwenyewe. Leo linapatikana kwa wauzaji wa santuri zilizotumika, na sauti nyingi zilizomo zimeshahamishiwa kwenye kanda, CD na mtandaoni. Kwa hiyo tathmini hii inamhusu hata msikilizaji asiye na gramafoni.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii. Sauti ya "tutapigana fukweni" iliyomo humo si ya tarehe 4 Juni 1940. Siku ile Churchill alisema maneno hayo ndani ya Bunge la Uingereza, na Bunge lile halikuwa likirekodiwa. Matangazo ya kudumu ya sauti kutoka bungeni yalianza tarehe 3 Aprili 1978, na ya televisheni mwezi Novemba 1989. Jioni ya 4 Juni wasikilizaji wa BBC walimsikia mtangazaji akisoma dondoo tu. Sauti tunayoijua ilirekodiwa mwaka 1949, Decca walipomfuata nyumbani kwake Chartwell, Kent. Alipolihutubia Bunge alikuwa na miaka 65. Alipoisomea mashine alikuwa na miaka 74, kiongozi wa upinzani, chumba kimya, hakuna wa kumzomea wala wa kumshangilia.

Hotuba ya damu, taabu, machozi na jasho ya 13 Mei 1940 ni hivyo hivyo, na ile ya 20 Agosti 1940 juu ya marubani wachache ambao wengi walikuwa na deni kwao pia. Ya 18 Juni 1940 ina njia yake: aliitoa bungeni kwa dakika 36, kisha jioni akaisoma upya redioni, kwa hiyo rekodi ya wakati wa vita ipo. Zile alizoziandikia redio tangu mwanzo, kama ya 9 Februari 1941 aliyowaomba Wamarekani zana ili kazi imalizwe, nazo zina rekodi zake za asili.

Kuzitofautisha ni rahisi ukijua pa kusikiliza. Rekodi ya 1949 ina pumzi ndefu, kasi ndogo, koo lililochoka, na mwisho wa sentensi unashuka chini sana. Hakuna kikohozi cha mtu wala mbao za viti zinazolia. Ya redio ya 1940 au 1941 ina ukungu zaidi lakini msemaji yuko macho, anasukuma. Na ukikuta video yenye hotuba ya 4 Juni ikisikika safi kabisa juu ya picha za meli za Dunkirk, bandari ya Ufaransa ambako jeshi la Uingereza liliokolewa, basi mtu ameshona sauti ya 1949 kwenye filamu za habari. Usihangaike pia na uvumi kwamba mwigizaji Norman Shelley ndiye aliyesoma hotuba hizo BBC badala yake. Hakuna ushahidi wa matangazo hayo.

Je, sanduku lina thamani? Kwa ufasaha, ndiyo, na pengine upweke wa chumba kile unasaidia. Mwanafunzi wa balagha anaweza kukaa na upande mmoja wa santuri akahesabu. Katika aya ya mwisho ya 4 Juni, "tutapigana" inatajwa mara saba: Ufaransa, baharini na kwenye bahari kuu, angani, fukweni, kwenye viwanja vya kutua, mashambani na mitaani, vilimani. Takriri ya namna hii huchosha haraka kwa msemaji wa kawaida. Hapa haichoshi kwa sababu mahali panabadilika kwa mpangilio: vita vinaanzia ng'ambo, vinavuka maji, vinafika mchangani, vinaingia mitaani, vinapanda mlima. Msikilizaji anarudishwa nyuma hatua kwa hatua ndani ya nchi yake mwenyewe, na anapofika mahali ambapo nyuma yake hakuna kitu, ndipo anaambiwa kwamba kusalimu amri hakupo. Hotuba ya kurudi nyuma kijeshi imesikika kama ya kwenda mbele. Huo ni ufundi.

Mapumziko nayo hayakuja kwa bahati. Hotuba zake zilipigwa taipu kwa mpangilio ambao ofisini kwake waliuita wa zaburi: kila kituo cha pumzi mstari wake, na mistari ya chini yake imeingizwa ndani zaidi ya ile ya juu, kama mishororo. Karatasi hizo zimehifadhiwa katika kituo cha nyaraka cha Chuo cha Churchill, Cambridge. Ukitaka kujifunza kitu kimoja tu kutoka kwake, jifunze hicho: chukua hotuba yako, ikate pale pumzi inapokatika, siyo pale karatasi inapoisha. Kosa la wasomaji wengi wa hotuba ni kwamba jicho linafika mwisho wa mstari katikati ya wazo, na sauti inaanguka mahali pasipostahili.

Watu hudhani alikuwa akisema papo kwa papo. Hapana. Tarehe 22 Aprili 1904, akiwa mbunge kijana aliyekariri hotuba yake yote kichwani, alipoteza neno katikati, akatafuta, akakosa, akaketi. Tangu hapo alikwenda na karatasi kamili. Hata 18 Juni 1940 alikuwa bado akirekebisha karatasi zake kwa kalamu hadi wakati wa kusema. Miaka mingi kabla, 1897, akiwa afisa wa jeshi nchini India, aliandika makala isiyochapishwa wakati huo akitaja mambo yanayomjenga msemaji: neno sahihi, mahadhi, hoja zinazorundikana, mfano, na kuzidisha chumvi pale hisia zinapopanda. Sikiliza santuri yoyote ya sanduku hili na orodha hiyo mkononi, utayakuta yote matano.

Kithembe chake kinasikika vizuri, hasa kwenye herufi ya "s". Hakukificha. Meno yake bandia ya juu yalitengenezwa makusudi kwa namna ya kukiacha kibaki, maana sauti ile ilikuwa imeshakuwa yake na taifa lingeshtuka kusikia nyingine.

Sasa kasoro kubwa ya bidhaa hii. Mzaha wake haumo, au umo kama ua lililokaushwa. Ucheshi wa Churchill ulihitaji mtu wa pili: adui wa kuchomwa, au ukumbi wa kucheka. Pima kwa rekodi mbili za moja kwa moja ambazo husikilizwa bure mtandaoni. Tarehe 26 Desemba 1941, mbele ya Bunge la Marekani, alisema kama baba yake angekuwa Mmarekani na mama yake Mwingereza, badala ya ilivyokuwa, pengine angefika humo kwa nguvu zake mwenyewe. Kicheko kinapasuka, kwa sababu wote walijua mama yake, Jennie Jerome, alizaliwa Brooklyn. Siku nne baadaye, bungeni Ottawa, alisimulia jinsi majenerali wa Ufaransa walivyotabiri kuwa Uingereza ingenyongwa shingo kama kuku ndani ya wiki tatu. Akatua. "Kuku gani huyo!" Ukumbi ukacheka. Akangoja, akawaacha waishe kabisa, ndipo akamalizia: "Shingo gani hiyo!" Maneno ni machache mno, na kazi yote imo kwenye kungoja. Angekimbilia shingo kabla kicheko cha kuku hakijatulia, kijembe kingefia mdomoni. Chumba cha Chartwell hakikuwa na cha kungojea.

Kwa vijembe vya bungeni inabidi uende Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ambayo ni bure na, kwa maoni yetu, ndiyo nusu ya pili ya bidhaa hii. Mfano bora ni wa 28 Januari 1931, akimlenga Waziri Mkuu Ramsay MacDonald wa chama cha Labour. Churchill alianza polepole na kumbukumbu ya utotoni: alipelekwa kwenye sarakasi ya Barnum, na katika maajabu yote yaliyotangazwa alitamani zaidi kumwona Ajabu Asiye na Mifupa. Wazazi wakaona ni kioja kisichofaa macho ya mtoto. Amengoja miaka 50, akasema, kumwona Ajabu Asiye na Mifupa ameketi kwenye benchi la serikali. Tazama ujenzi wake. Mpaka maneno ya mwisho hakuna aliyetukanwa na hakuna jina lililotajwa. Spika hana pa kushika. Anayelengwa anajitambua mwenyewe, na wenzake wameshageuka kumtazama.

Ukumbi wenyewe ulichangia. Bomu lilipouharibu usiku wa 10 Mei 1941, Churchill alisimama tarehe 28 Oktoba 1943 kutetea ujengwe upya vile vile: mdogo, wa mstatili, pande mbili zikitazamana, na viti visivyowatosha wabunge wote. Hadi leo una nafasi za kukaa 427 hivi kwa wabunge 650. Kwenye chumba cha namna hiyo msemaji hapazi sauti; anaongea na mtu aliye mbele yake, na minong'ono inasikika. Kijembe ni silaha ya karibu.

Namna ya kuitumia Hansard: hifadhi ya zamani mtandaoni inaanzia 1803. Tafuta kwa tarehe kwanza, siyo kwa neno, maana misemo yake maarufu hukumbukwa vibaya na utafutaji wa neno hukosa. Hotuba ya 4 Juni 1940 iko juzuu ya 361, ya 18 Juni juzuu ya 362. Ukitafuta kwa jina utapotea njia tatu. Wakati wa uwaziri mkuu ameandikwa kwa cheo. Baada ya Aprili 1953 anakuwa Sir Winston. Na mjukuu wake mwenye jina lile lile alikuwa mbunge wa Conservative 1970 hadi 1997, kwa hiyo ukiona "Winston Churchill" akizungumzia mambo ya miaka ya 1980, huyo siye. Vikao vya siri vya wakati wa vita havimo kabisa. Upungufu mwingine: Hansard ya Uingereza ni bahili wa kutaja hisia za ukumbi. Msomaji aliyezoea Hansard ya Dodoma, yenye "(Makofi)" na "(Kicheko)" kila baada ya aya, atalazimika kukisia wapi watu walicheka.

Upungufu huo una uzito. Tarehe 13 Mei 1940 upande wake mwenyewe wa Conservative ulimpokea kwa ubaridi. Shangwe zao zilikuwa za Neville Chamberlain, aliyebaki kiongozi wa chama hadi Oktoba mwaka ule. Santuri haikuonyeshi ubaridi huo, na Hansard haikwambii.

Faida kubwa ya Hansard ni kuchuja nukuu bandia. Ule usemi kwamba demokrasia ni mfumo mbaya kuliko yote isipokuwa ile mingine iliyowahi kujaribiwa upo kweli, 11 Novemba 1947, juzuu ya 444, lakini yeye mwenyewe alitanguliza kwamba "imesemwa". Kisa cha Lady Astor na sumu kwenye chai, kinachotembea kila kundi la WhatsApp, hakina rekodi ya kuaminika. Kabla ya kukitumia kwenye hotuba ya harusi, kiache.

Kwa mwenye kununua sanduku lenyewe: hesabu santuri zote 12, maana mara nyingi moja imepotea. Zilaze kwenye meza bapa uone kama zimepinda. Mikwaruzo inaumiza zaidi hapa kuliko kwenye muziki, kwa kuwa Churchill ananyamaza sana na ndani ya ukimya hakuna ngoma ya kuifunika. Futa kwa maji yaliyokenekwa na kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati, kisha acha zikauke kabisa. Tumia sindano ya LP, yaani santuri ndefu kama hizi, si ile nene ya santuri za kasi ya 78. Rekodi za 1949 hazikuwa stereo, basi ukiwa na kitufe cha mono kibonyeze. Sehemu ya mkwaruzo itajifuta yenyewe. Punguza besi kidogo, kithembe kitasikika vizuri zaidi.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki asikilize na sikio la pili. Hotuba ya chakula cha mchana kwa Meya wa London, 10 Novemba 1942, inapendwa kwa ule mchezo wa "si mwanzo wa mwisho, bali pengine mwisho wa mwanzo". Hotuba hiyo hiyo ndiyo aliyotangaza kwamba hakuwa Waziri Mkuu wa Mfalme ili asimamie kufilisiwa kwa Dola ya Uingereza. Miaka kumi baadaye, akiwa madarakani tena, hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Na mwaka 1931, chini ya mwezi mmoja tangu kijembe cha sarakasi, ulimi ule ule ulimwita Gandhi fakiri aliye nusu uchi. Mbinu ni ile ile, ila mlengwa hakuwamo ukumbini kumjibu, na kichekesho kikawa dharau tupu.

Alama zetu: santuri zimepata tatu kati ya tano, Hansard imepata nne. Anayetaka kuweka sauti kwenye podikasti yake aombe kibali kwanza, kwa sababu haki za kazi zake ziko kwa warithi na ulinzi wa miaka 70 baada ya kifo unaishia mwisho wa 2035. Maandishi ya Hansard yanatolewa chini ya leseni ya wazi ya Bunge: taja chanzo, endelea.