Kupima magego kwa umeme Kampala: uzoefu wangu na binti yangu

Wazazi wenzangu mnaotoka Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, mnaijua shida hii. Mtoto anaota magego, yanatoka na madoa meupe, mengine ya kahawia, na kila daktari ana neno lake. Huyu anasema ni floraidi, madini yanayoimarisha meno lakini yakizidi huyatia madoa, iliyozidi katika maji ya kwetu milimani. Yule anasema jino limeanza kuoza, alichonge na kuliziba. Binti yangu ana miaka 12, magego yake ya pili ndiyo kwanza yanatokeza. Niliposikia kuna kliniki Kampala inayopima jino kwa umeme bila kulitoboa, nilimpeleka.

Daktari alitueleza vizuri, tena kwa Kiswahili. Karibu asilimia 96 ya uzito wa enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ni madini, kwa hiyo enameli nzima hupitisha umeme kwa shida sana. Asidi ya bakteria ikianza kuyayeyusha madini hayo, hubaki vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Majimaji yenye chumvi hujaa humo, na umeme hupata njia. Kifaa hupima ukinzani, yaani jinsi jino linavyouzuia umeme.

Kazi yenyewe ni fupi. Jino husafishwa, ndoano ndogo ya chuma huwekwa pembeni mwa mdomo ili mzunguko ukamilike, gego hukaushwa kwa hewa, kisha ncha ya kipimo hugusishwa kwenye mfereji ulio juu ya gego. Inatokea namba kati ya 0 na 100 pamoja na rangi: kijani (jino zima), njano (uozo umeanza) au nyekundu (uozo umeingia ndani); namba ikipanda, dalili ya uozo imezidi. Binti yangu hakusikia maumivu yoyote. Sindano ya ganzi haikuhitajika, wala mionzi. Ila angalieni ukaushaji: mara ya kwanza mate yalikuwa yamebaki, namba ikaruka juu, na daktari mwenyewe akaikataa akarudia.

Gego la zamani lenye mfereji mweusi, ambalo kliniki nyingine ilitaka kulichonga, lilisoma kijani. Daktari akaliangalia tena kwa taa, akasema ni rangi tu iliyoshika. Jino la jirani, jeupe kabisa kwa macho yangu, likasoma njano. "Mama, hili bado halijatoboka," akaniambia. "Tulipake floraidi, tuifunike mifereji, halafu tulipime tena baadaye." Nilifurahi mno, kwa sababu jino likishachongwa halirudi.

Sasa magego mapya yenye madoa, yale yaliyotupeleka pale. Yalisoma juu, na moyo wangu ukashtuka. Daktari hakugusa mashine ya kuchongea. Alisema enameli ya jino lililotoka karibuni bado inakomaa, na enameli iliyoathiriwa na floraidi ina vitundu vyake hata kama haijaoza. Yote mawili hupitisha umeme, na kifaa hakiwezi kuyatofautisha na uozo. Akategemea macho yake na historia ya maji tuliyokunywa. Kwa watu wa Kisoro basi, kifaa hiki kinajibu nusu tu ya swali letu. Kikiwa mikononi mwa mtu anayeamini namba peke yake, watoto wetu watachongwa meno mazima. Hilo linaniumiza kulifikiria, ndiyo maana naandika.

Kifaa hiki hakifiki katikati ya meno mawili yanayogusana. Huko eksirei bado inahitajika. Jino lililozibwa halipimwi, na mwenye kifaa cha moyo cha kurekebisha mapigo aseme mapema. Pia hakipimi fizi wala shavu. Huko Sheffield, Uingereza, watafiti wamejaribu umeme kwenye madoa ya mdomoni yanayoweza kugeuka saratani, lakini hicho ni kifaa kingine. Ndugu anayetafuna kuberi, tumbaku isiyovutwa ambayo sheria ya Uganda ya 2015 imeipiga marufuku na bado watu wanaipata, akiona doa jeupe mdomoni lisilotoka aende akakatwe kinyama kipimwe maabara.

Bei ilizidi ya kuangaliwa meno kwa kawaida, lakini haikufikia ya kuziba jino moja. Nimeridhika nayo. Kilichonikera ni kwamba kliniki haikutupa karatasi yoyote ya majibu, ilhali faida kubwa ya kipimo hiki ni kulinganisha namba ya leo na ya miezi ijayo. Niliomba kalamu nikaandika mwenyewe. Ukienda, dai uandikiwe namba ya kila jino, tarehe, na kama lilikaushwa vizuri.