Upasuaji wa kikwapa: nyota nne, si tano

Miaka 11 nimepanda daladala nikishika bomba huku kiwiko nimekibana ubavuni. Shabu, ndimu, sindano ya botoksi (dawa ya kupunguza jasho) iliyoisha nguvu baada ya miezi 6, kote nimepita. Mwishowe nikakubali kisu. Daktari alinieleza kwamba jasho lenyewe halinuki, bakteria ndio wanaolichachusha, kwa hiyo tezi zinazolitoa hukatwa kwa chini ya ngozi kupitia mpasuo mdogo kwenye mkunjo wa kwapa. Ganzi ni ya hapo hapo tu. Mkasi niliusikia ukikwaruza, mama yangu wee! Bandeji inabana kweli, ili damu isijikusanye. Siku 10 mdogo wangu ndiye aliyenivalisha dera. Kovu la kushoto limekakamaa, na mapokezi waliniweka saa tatu nzima. Ila harufu? Juzi nilishika bomba la juu.