Miezi saba na EURAXESS: kusaka kazi ya panya nikiwa Morogoro

EURAXESS, tovuti ya matangazo ya kazi za watafiti, naipa nyota nne kati ya tano. Nina uzamivu wa ikolojia ya panya shamba, yule anayewamalizia wakulima mahindi, na mkataba wangu wa mradi uliisha Februari. Tangu hapo naamka saa kumi alfajiri, bando la usiku likiwa bado linasoma, natafuta nafasi za utafiti za baada ya uzamivu.

Mwanzoni nilipotea. Tovuti moja, jina naliacha, ilinitoza dola 30 kwa ahadi ya kuufikisha wasifu wangu mezani kwa maprofesa. Nafasi tatu nilizotumiwa zote zilikuwa zimefungwa mwaka jana.

EURAXESS ni ya Tume ya Ulaya na mwombaji halipi hata senti. Kilichoniokoa ni madaraja yake. R1 ni wanaosomea uzamivu, R2 ni sisi tulioumaliza ila hatujasimama wenyewe, R3 na R4 ni wakubwa. Nilipochuja R2 peke yake, orodha ikaanza kusomeka.

Kosa jingine lilikuwa langu. Niliandika panya kwa Kiingereza, nikaletewa panya weupe wa maabara: saratani, kisukari, ubongo, wanaishi kwenye vizimba visafi kuliko jiko langu. Nilipobadili nikaandika ikolojia ya magonjwa, ndipo nikakutana na watu wa fani yangu, wanaotega mitego porini na kunuka kama mimi.

Matangazo ya Ujerumani yana lugha yake. Mshahara utaona umeandikwa TV-L E13, basi. Nilidhani ni namba ya chumba! Kumbe ni ngazi ya mishahara ya watumishi wa majimbo, na jedwali lake liko wazi mtandaoni. Tazama pia asilimia ya muda wa kazi: ukikuta 65, mara nyingi hiyo ni kazi ya mwanafunzi wa uzamivu, usijichoshe.

Humo humo EURAXESS kuna vyuo vinavyotafuta watu wa kuwapokea kwa ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ule wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti. Huu huombi peke yako, lazima upate mwenyeji kwanza, kwa hiyo anza kuandikia maprofesa mapema. Sharti linalowaangusha wengi: katika miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi unayokwenda. Dirisha hufungwa Septemba, saa kumi na moja jioni ya Brussels, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili. Usisubiri siku hiyo, TANESCO nao wana ratiba yao.

Kwa Uingereza natumia jobs.ac.uk, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Warwick mwaka 1998. Mshahara mara nyingi unauona palepale kwa pauni.

Nyota ya tano nimeibana kwa sababu ukishabofya unatupwa kwenye mfumo wa chuo husika, na kila chuo kina fomu zake. Kimoja kilinitaka niandike upya kazi zote nilizowahi kufanya, mwezi kwa mwezi, kisha kikanitoa nje kabla sijahifadhi.

Jumanne nina usaili wa video, saa nne asubuhi. Mama Rehema wa jirani ameshakubali kutowasha mashine ya kusaga mpaka saa tano.