Hekalu la Shuzenji, Izu: uzoefu wangu

Shuzenji, huko Izu nchini Japani, ni jina la hekalu la Kibuddha, la mji na la stesheni, na hapo ndipo wageni wengi wanapokwama. Stesheni iko mbali na hekalu na chemchemi za maji moto (onsen). Ukishuka kwenye treni ya Izuhakone kutoka Mishima (dakika 35 hivi), panda basi la Shuzenji Onsen, dakika kama nane. Pasi ya JR (shirika kuu la reli la Japani) haitumiki kwenye treni hiyo, kwa hiyo kuwa na yeni za nauli.

Hekalu lilianzishwa mwaka 807 na mtawa Kukai. Kuingia uani ni bure. Nililopenda kuliko yote ni birika la kunawia: maji yake ni ya chemchemi, ya moto, na asubuhi ya baridi utayaona yakifuka mvuke. Chota kata moja tu. Ishike kwa mkono wa kulia unawe wa kushoto, badilisha, kisha mimina maji kwenye kiganja cha kushoto usukutue. Kata isiguse mdomo. Mwisho isimamishe wima, maji yaliyobaki yateremke yaoshe mpini. Ukijaza mkono wa kwanza maji mengi, hayatakufikisha mwisho. Mbele ya ukumbi tia sarafu, kutanisha viganja, inama. Usipige makofi, hayo ni ya Kishinto, dini ya jadi ya Japani.

Sanamu ya Dainichi Nyorai, mmoja wa Mabuddha, iliyochongwa mwaka 1210, huoneshwa siku chache tu za Novemba. Ukiweza, panga safari wakati huo.

Kosa kubwa ni kuishia hapo. Vuka mto Katsura, kisha panda hadi Shigetsuden, jengo dogo la mbao ambalo Hojo Masako alimjengea mwanawe Yoriie, shoguni (mtawala wa kijeshi) wa pili wa Kamakura, aliyefungiwa mji huu na kuuawa mwaka 1204. Kaburi la Yoriie liko jirani. Ndani, itazame mikono ya sanamu ya Buddha: ameshika ua la yungiyungi, jambo adimu kwa sanamu za Shaka, yaani Buddha mwanzilishi wa dini hiyo. Kwangu mimi, bila Shigetsuden hujaielewa Shuzenji.

Kibanda kilicho katikati ya mto ni Tokko-no-yu, ambapo inasimuliwa Kukai alipiga mwamba maji moto yakatoka. Ni pa kutazama, si pa kuoga. Kuoga nenda Hakoyu, bafu la umma lenye mnara, hatua chache tu. Beba taulo yako.