Video za kutengeneza cherehani mtandaoni: uzoefu wangu

Jamani, kama unataka kujifunza ufundi wa cherehani YouTube, jiandae na hasira. Mimi nashona vitenge hapa Ujiji. Majuzi cherehani yangu ya miguu ikaanza kuruka: mishono miwili mitatu inashika, unaofuata hamna. Nikabadilisha sindano, nikalegeza skrubu ya bobini, wapi. Nikajua ndoano, kile chuma cha chini kinachodaka uzi wa sindano, inapishana na sindano. Kupeleka kwa fundi kule Mwanga, Kigoma mjini, sikutaka, maana kichwa cha cherehani kikiingia kule kinakaa mpaka sikukuu ipite, na wateja wangu hawasubiri.

Nikapata video ya fundi mmoja, anaongea Kiswahili kizuri tu, imeandikwa "mwanzo mwisho". Salamu ndefu, gonga kengele, sapoti chaneli, bando linaisha. Nikavumilia. Akafungua bamba, akatoa bobini, akazungusha gurudumu taratibu, nikasema huyu fundi kweli. Kufika pale penyewe, sindano inaanza kupanda na ndoano inataka kudaka uzi, akaweka kiganja mbele ya kamera! Muziki juu. Kinapoondoka, skrubu imeshakazwa, eti "mnaona ilivyo rahisi?" Tunaona nini?

Nikamwandikia kwa adabu: "Kaka fundi, samahani, hapo naomba utuoneshe kwa karibu." Jibu lake: "Dada, hapo ndipo ugali wangu ulipo. Njoo inboksi na hela."

Niliwaka. Mtu kula jasho lake sikatai, hata mimi sishoni bure. Ungesema tangu mwanzo kwamba unauza, ningeamua mwenyewe kununua au kuacha. Lakini umekula bando langu na muda wangu, halafu unanijibu kama nimekuja kuomba!

Nilitaka niandike kwamba video zote ni upuuzi, basi. Siwezi, kwa sababu cherehani leo inashona. Nilipata ya mzee mmoja asiyesema hata neno, mikono tu, kamera imeinamia sindano. Anaishusha mpaka chini kabisa, anaipandisha kama milimita 2, anasimama. Ncha ya ndoano inapita ubavuni mwa sindano, juu kidogo tu ya tundu. Akarudia. Akawasha tochi, akarudia tena. Nikasimamisha picha, nikalegeza skrubu ya kile chuma kinachobeba sindano, nikakishusha kidogo sana, nikakaza. Mshono ukatoka umenyooka, kitenge kwa satini. Mungu ampe maisha marefu mzee yule.

Ila hata yeye simsifii kwa kila mtu. Mimi vyuma vyote navijua, nilikuwa natafuta kipimo tu. Binti ninayemfundisha kaangalia video hiyohiyo, hakuambulia kitu. Yeye anahitaji fundi wa lugha yetu, amweleze hiki kinafanya nini na kwa nini. Na huyo tuliyenaye anasema njoo inboksi.