Kibodi ya Kimekanika Isiyo na Waya: Isikie Kabla Hujalipa

Sikieni hii kwanza, kabla sijasema lolote. Umesikia? Hiyo ni kibodi ya swichi za bluu, swichi ni kile kidude kilicho chini ya kila kitufe. Na hii je? Hiyo ni nyekundu. Sentensi ni ile ile, vidole ni hivi hivi, na maikrofoni sijaisogeza. Kama unakaa peke yako kwenye uwanja mpana kule Milimani, chukua yoyote uende zako. Sisi wa nyumba za vyumba viwili, ukuta mmoja na jirani, tuna la kuzungumza.

Karibuni tena, wapendwa. Mlioanza kunifuata juzi, mimi hunakili sauti. Natia spika masikioni, nasikiliza mahojiano ya watu na kuyaandika neno kwa neno kutoka asubuhi hadi giza, hapa hapa nyumbani Migosi, Kisumu. Kwa hiyo kibodi kwangu ni kama jembe. Mezani ninazo tatu, na mbili kati yake ni hela niliyotupa.

Tuanze na hii inayowaka kama matatu ya usiku. Niliiagiza mtandaoni kwa shilingi 2,300. Kwenye picha imeandikwa kabisa kwamba ni ya kimekanika. Ilipofika nikaigusa, vitufe vigumu, mlio upo, nikaridhika. Mwezi haujaisha, kifuniko cha herufi A kikang'oka. Nikachungulia ndani. Mpira! Tandiko la mpira lenye vichuguu vidogo vidogo, sawa na rimoti ya televisheni. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena nikalipia boda ya kumleta.

Ukienda dukani, pale Oginga Odinga Street au popote, omba ung'oe kifuniko kimoja. Muuzaji akianza kukuzungusha, jibu umeshalipata. Hebu nisogeze karibu na kamera. Ona hapa, hii ndiyo swichi ya kimekanika: kisanduku kidogo cha plastiki kinachosimama peke yake, na katikati kimetoa kijiti chenye umbo la alama ya kujumlisha. Humo ndani mna springi na vibati viwili vyembamba vya kugusana. Kila herufi ina kisanduku chake. Kwa swichi za kawaida, kitufe kinashuka milimita 4 hivi hadi chini, lakini herufi inaingia kwenye milimita 2, nusu ya safari. Ile ya mpira lazima uikandamize mpaka mwisho ndipo ikubali. Mtu wa ujumbe mfupi mfupi hatajali. Mimi vidole vilikuwa vinaniuma mpaka kushika kikombe cha chai ni kazi.

Mtu atauliza, hizi si zilikuwa za matajiri? Zilikuwa. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ndiyo iliyotoa swichi za MX miaka ya 1980, na hataza, ile haki ya kuwazuia wengine wasiige, ilipokwisha karibu mwaka 2014, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikajaza soko kwa swichi za umbo lile lile. Hata majina ya rangi wakayarithi. Ndiyo maana leo unaweza kuingia dukani na chini ya shilingi 10,000 ukatoka na kitu cha maana.

Sasa rangi. Nyekundu inashuka moja kwa moja, laini, haina kikwazo, na inahitaji uzito wa gramu 45 hivi. Kahawia ina kijinundu unachokisikia kwa kidole njiani. Bluu ina kijinundu na mlio juu yake, ule wa kalamu ya kubonyeza. Hii ya pili mezani ni ya bluu. Niliipenda, siwezi kuwadanganya, mlio wake unakufanya ujione una kazi kubwa. Mtoto wetu alikuwa hajalala usiku mzima tangu azaliwe, na mama yangu akaja kutoka Bondo kutusaidia. Usiku wa kwanza akatoka chumbani na leso mabegani, akasimama pale mlangoni, akaniambia, "Baba, bisi hizo unazokaanga saa nane za usiku, ni za nani?" Mke wangu alicheka mpaka akamwamsha mtoto tena. Kesho yake nikarudi kwenye ule mpira.

Kwa nyumba yenye watu, basi, nyekundu au kahawia. Nyekundu nayo si bubu: ukiipiga kwa nguvu plastiki inagonga chini. Niliitandikia taulo la zamani chini yake na kelele ikapungua sana. Hakuna cha kununua hapo.

Ile ya bluu ilikuwa na ugonjwa mwingine pia. Baada ya miezi saba herufi N ikaanza kujirudia. Naandika "nani", inatoka "nnanni". Anayeandika Kiswahili anajua N ilivyo nyingi. Duka lililoniuzia likaniambia dhamana ilikuwa ya wiki mbili. Fundi naye akanieleza kwamba swichi zake zimechomelewa kwa risasi kwenye ubao, kwa hiyo kubadilisha moja ni kuchomelea upya. Kumbe ziko kibodi ambazo swichi inachomolewa kwa mkono, kwa kibanio kinachokuja kwenye boksi, unapachika nyingine, dakika moja. Uliza hilo kabla ya kuuliza taa. Taa zenyewe zinakula betri, mimi nilizizima siku ya kwanza.

Upande wa kutokuwa na waya, neno hilo linaficha mambo. Kuna za Bluetooth peke yake, na kuna zenye njia tatu: Bluetooth, kipokezi kidogo cha USB cha gigahezi 2.4 unachokichomeka kwenye kompyuta, na waya wa USB-C. Chukua ya njia tatu. Bluetooth ikikaa bila kuguswa inasinzia, na herufi ya kwanza au mbili hupotea inapoamka. Kipokezi kina kasi zaidi, ila usikichomeke ubavuni mwa diski ya nje ya USB 3.0, maana hiyo inaweza kuvuruga mawimbi yake na herufi zikaanza kurukwa. Waya nao utauhitaji betri ikiisha.

Na Bluetooth imeniokoa kwa njia ambayo sikuitarajia. Betri ya laptopu yangu imezeeka, stima ikipotea nina dakika kumi. Kibodi hii hukumbuka vifaa vitatu, nabonyeza vitufe viwili inahamia kwenye simu, nasimamisha simu kwenye kopo la majani ya chai, naendelea. Nimeshawasilisha faili nzima hivyo, gizani, mbu wakinila miguu.

Ukubwa nitaupitia haraka. Zile ndogo za vitufe 61, kama RK61 ya Royal Kludge, ni nzuri mezani lakini vitufe vya mishale havina nafasi yake, na ukirekebisha maandishi siku nzima utaichukia. Za 68 zina mishale. Za 84, kama RK84 au Keychron K2, zina mishale na ile safu ya F1 hadi F12 juu. Mimi nilichukua ya 84, hii ya tatu, swichi nyekundu za kuchomoa, njia tatu, shilingi 8,500 baada ya kubembelezana. Keychron ni imara lakini bei yake hupanda kuliko RK na Redragon, na kwa kazi yangu sikuona cha kuongezea hela. Mhasibu anayeingiza tarakimu kutwa, wewe achana na hizi zote, tafuta ya 104 yenye tarakimu pembeni.

Kuna aliyeniuliza kama inafaa kwa michezo. Tumia kipokezi, itafaa. Zaidi ya hapo muulize mpwa wangu, mimi FIFA nafungwa na watoto.

Nilitaka niwasikilizishe na kahawia, lakini wingu limeshuka kutoka upande wa Nandi, na mvua ikianza kwenye mabati haya hata ya bluu hamtaisikia. Nguo ziko nje. Ngoja nikazianue.