Adapta ya OTG yenye tundu la chaja: nilivyotoa picha za familia kwenye eksteno hadi kwenye tableti

Kompyuta yetu ilipokufa, picha zote za familia zilibaki ndani ya eksteno, yaani diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, ya TB 1. Mama alikuwa akiniomba kila siku nimwonyeshe picha za bibi, ambaye hatunaye tena. Nyumbani kuna tableti ya Android yenye nafasi ya GB 64, nikamwambia nitamwekea humo. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Ilinichukua siku tatu.

Nilianza na adapta ndogo ya kawaida ya OTG, yaani kiunganishi cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye tableti, ile ya kuchomekea flashi. Flashi inasoma bila shida. Nikichomeka eksteno, taa yake inawaka, nasikia ndani inajaribu kuzunguka, halafu tik, tik, tik, taa inazima. Baada ya muda inaanza upya. Moyo ulinipasuka, nikajua picha zimekwenda. Kumbe umeme ndio haukutosha. Eksteno ya aina hii ina sahani inayozungushwa na mota, na mota ile inapoanza inataka umeme mwingi kuliko tundu la tableti yangu linavyotoa. Ukisikia mlio huo, chomoa. Usikae unajaribu tena na tena kama nilivyofanya mimi, unaitesa diski bure.

Ndipo nikanunua adapta hii. Ina matundu mawili: moja la USB, jingine la chaja. Nachomeka chaja kwanza, kisha adapta kwenye tableti, eksteno mwisho. Mara ya kwanza tu taa iliwaka ikatulia, na sahani ikazunguka kwa mvumo mmoja laini. Kwa hilo naisifu bila kusita. Tableti nayo inaendelea kupata chaji wakati wa kazi. Kasoro yake ni waya mfupi mno: eksteno ikining'inia au ikitikiswa, mawasiliano yanakatika. Laza vyote mezani, usiguse.

Lakini adapta haimalizi kila kitu. Tableti ilileta ujumbe kwamba diski haisomeki, ikaniuliza kama nataka kuifomati. USIBONYEZE. Kufomati ni kufuta kila kilichomo. Diski ilikuwa nzima, ila ilifomatiwa kwa NTFS, mfumo wa Windows, na tableti yangu haiusomi. Niliazima kompyuta ya rafiki, nikanakili picha zote kwenda kwenye eksteno nyingine, na hiyo ndiyo niliyoifomati kwa exFAT, mfumo ambao tableti yangu inausoma, kabla ya kuweka kitu. Usichague mfumo wa FAT32 kama una video ndefu, maana haipokei faili linalozidi GB 4, na video ya harusi ya dada ni kubwa kuliko hapo.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda. Nilifungua programu ya mafaili, nikachagua folda moja moja, nikabonyeza nakili, wala si hamisha. Ukihamisha na waya ukalegea katikati, utakaa unajiuliza picha gani iko wapi. Kila folda ilipoisha nilihesabu picha pande zote mbili. Folda moja ilipungua picha 14, nikairudia. Ukimaliza, ondoa diski kwa kitufe cha kuondoa kwa usalama kabla ya kuchomoa.

Jambo moja lilinisumbua baadaye. Picha za kamera zilijipanga vizuri kwa miaka, kwa sababu tarehe imeandikwa ndani ya faili lenyewe. Zilizotumwa kwa WhatsApp zilirundikana zote kwenye siku niliyonakili, kana kwamba bibi alipigwa picha wiki iliyopita. Bahati nzuri jina la faili linabeba tarehe iliyotumwa: IMG-20180412-WA0003 ni tarehe 12 Aprili 2018. Nilizipanga upya kwa majina, jioni nzima, na sijutii.

Nilipompa mama tableti hakuuliza imefanyikaje. Alifika kwenye picha ya bibi akiwa amekaa mlangoni anachambua mboga, akaivuta kwa vidole viwili mpaka mikono ya bibi ikajaa kioo kizima. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, pete yake hii nilikuwa nimeisahau."